Jina la Mama Halijaitikiwa

Jumapili, 19 Mei 1974. Makoko.

Mseti kaja. Sijamwona ndugu yangu tangu Krismasi, na leo kanikuta nyuma ya nyumba naparua furu, mikono yote magamba. Hakutaka hata kukaa. Kasema Mama anataka kutoa jina.

Nimeendelea kuparua. Samaki mmoja nimemparua mara mbili.

Niandike vizuri, maana kichwa kimejaa. Kwa ukoo wetu — si Wakabwa wote, ukoo wetu tu — bibi akiona siku zake zinaisha, anampa mjukuu wa kike jina lake. Hampi hivi hivi. Mtoto anakuja asubuhi na maji aliyoyateka mwenyewe, anasimama nje, mlango umefungwa. Bibi yuko ndani anauliza, mtoto nje anajibu. Kwa kikwetu. Hakuna wa kumsaidia, hata mama mzazi anafunga mdomo mpaka mlango ufunguke. Bibi akiridhika anafungua mwenyewe, anamvuta mtoto, anamwambia jina sikioni. Kabla ya hapo mjukuu hajui jina la bibi yake. Ni Bibi tu. Kisha mtoto anatoka, mwanamke mkubwa wa ukoo anamuuliza mbele ya watu: wewe ni nani? Akilitaja, limepita. Swali hilo haliulizwi mara mbili. Na bibi akifa jina halijaitikiwa, linazikwa naye. Hatatokea mwingine wa kuitwa hivyo.

Mseti ana wavulana wanne. Dada yetu Wankyo alifariki bila mtoto. Mjukuu wa kike ni mmoja, Jeni wangu. Jenoveva. Miaka saba, Darasa la Kwanza, anasoma kushinda wenzake wote. Kikabwa hajui hata kuombea maji.

Mseti anasema miguu ya Mama imevimba mpaka magotini. Hospitali walimwambia moyo umechoka. "Dada, usikawie." Halafu kauliza polepole, "Hivi kweli hukumfundishaga hata kidogo?"

Nikamjibu kwamba mjomba mtu naye angeweza kuja kumtembelea mpwa wake. Jibu la ovyo. Kaondoka na gari la saa nane bila kula samaki.


Jumatatu, 20 Mei

Zamu ni yangu wiki hii. Nyasi za nyuma ya vyoo zimekuwa ndefu, na Mwalimu Mkuu Alfonce ana dawa yake ya nyasi: atakayesikika anasema kilugha uwanjani, anafyeka. Leo wamekamatwa wasichana wawili wa Darasa la Tatu, mtu na dada yake. Walikuwa wanagombania penseli kwa Kijita. Majina nimeyaandika mimi. Nimeyaandika majina namna hii miaka kumi na miwili, na sijawahi kuutazama mwandiko wangu kama nilivyoutazama leo.

Jioni nikamwambia Jeni tunaanza kujifunza lugha ya Bibi. Kafikiri kidogo.

"Mama, nikiisema nitafyeka?"

Nikamwambia hapana, nyumbani ruhusa. Kauliza nyumbani ni wapi, ndani tu au mpaka uani. Sikujua nicheke au nilie. Nikamtuma chumvi.


Jumatano, 22 Mei

Nilikuwa nafikiri habari ya chuoni, nilikosomea ualimu. Kila nilipoulizwa kabila nilisema Mzanaki. Ukisema Mkabwa unaanza kueleza: tuko huku nyuma ya Butiama, vijiji vichache, katikati ya Wazanaki na Wakurya na Wajita. Halafu mtu anakuuliza, hiyo nayo ni lugha au ni Kizanaki kilichopinda? Mara mbili nilieleza. Mara ya tatu nikachoka, nikawa Mzanaki. Mtu akiona aibu ya lugha yake, atampaje mwanawe? Na sikuiita aibu. Niliiita taifa.

Jeni alipozaliwa, sitini na saba, nilitangaza mwenyewe: nyumba hii Kiswahili tu. Mama alikuja kumwona mtoto, akakaa siku tisa, akimbembeleza kwa kikwetu. Nikamwambia — mimi, kwa kinywa hiki — "Mama, utamchanganya." Hakubisha. Akawa anambembeleza kimya, anamtikisa tu. Nimelikumbuka hilo leo nikiwa nasahihisha hesabu, nikaweka alama ya kosa kwenye jibu sahihi.


Jumamosi, 25 Mei

Baba Jeni kaja kutoka Bunda, nguo zote zimejaa vumbi la pamba. Kule kinuni anapima pamba wiki nzima, Jumamosi ndiyo anatuona. Nimesubiri ale ndipo nikamweleza. Ugali wenyewe wa unga wa njano, hakuna mwingine dukani.

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Alisema, mama Jeni, mimi na wewe bila Kiswahili tungeoana kwa ishara. Kweli. Mngoni na Mkabwa, nani angemwelewa mwenzake? Kisha akasema hata babu zake walikuja kutoka kusini na lugha yao, wakaipoteza njiani, wakapata nyingine, na hawakufa. "Na Kingoni changu mimi nani atakipokea? Umeshanisikia nalalamika?"

Nikasema huenda ulipaswa kulalamika.

Akasema mama yake alifariki akiwa yeye yuko huku Mara, na wimbo aliokuwa akimwimbia amebakiwa na nusu yake. Hajawahi kuniambia. Miaka minane ya ndoa! Nilitaka aniimbie hiyo nusu, akasema haimbi mbele ya watu. Mimi nimekuwa watu.

Lakini kakubali. Tutakwenda Jumapili ya wiki ijayo.


Jumanne, 28 Mei

Siku tano zimebaki. Nimefanya kama mwalimu anavyofanya mtihani ukikaribia. Nilikuwa na miaka mitano Wankyo alipopewa jina la bibi yetu, nikakumbuka maswali yaliyoulizwa siku ile. Tisa. Nani huyo, umetoka wapi, umelalaje, ng'ombe wa babu wazima, umeleta nini, na kuendelea. Nimeyaandika kwenye daftari la mistari pamoja na majibu, kwa herufi za Kiswahili. Sauti nyingine hazina herufi, nimebuni vialama.

Ni mara yangu ya kwanza kuona lugha yetu imeandikwa. Imeandikwa na mimi, kwa wino mwekundu, maana wa bluu umeisha. Imekuwa kama makosa matupu.

Jeni anashika upesi sana. Jibu la kwanza mpaka la nne keshayaweza. Ninagonga meza kwa rula, anajibu. Nagonga tena, anajibu la pili.

Mseti alipita leo kuchukua dawa za Mama, akatusikiliza akiwa mlangoni. Kasema, "Dada, Mama hanaga maswali tisa. Anaulizaga anachotaka." Nikamwambia aniachie kazi yangu, mtoto atafaulu. Kacheka kidogo, si cheko zuri.


Ijumaa, 31 Mei

Yote tisa bila kukosea. Mara tatu mfululizo. Nimempikia sato mzima. Nimelala vizuri jana, leo pia nitalala.


Jumapili, 2 Juni. Kwa Mama.

Naandika kwa sababu nisipoandika nitapiga mtu kelele, na wa kupigiwa kelele ni mimi.

Gari lilituharibikia njiani, tukafika saa nne badala ya saa moja. Watu walikuwa wamekaa uani wanangoja. Nyamburi yuko, mkubwa wa wanawake wa ukoo, binamu yake Mama, anaegemea fimbo na haoni vizuri lakini masikio yote anayo. Nilimpeleka Jeni kisimani, akateka maji, akayabeba mwenyewe. Kandoo kake kadogo. Gauni la kanisani. Akasimama mbele ya mlango uliofungwa, kama nilivyomfundisha, mikono mgongoni.

Mama akauliza kutoka ndani: nani huyo? Jeni akajibu. Safi. Wanawake wakaguna kwa furaha, mimi nikajiona mtu.

Mama akauliza, mbona umechelewa? Bila shaka. Tulikuwa tumechelewa! Jeni akajibu: nimetoka Makoko kwa baba yangu.

Mama akauliza, njiani mmepata shida gani? Jeni akajibu: nimelala salama.

Kuna mtu alicheka. Mama akauliza, maji hayo umemwaga mengine? Jeni akajibu: ng'ombe wa babu wote wazima.

Hapo Mama hakuuliza tena. Na Jeni, mtoto wa mwalimu, mwanangu mtiifu, akaona kimya kimekuwa kirefu, akaendelea. Jibu la tano. Akatulia kama anasikia rula. Jibu la sita. Akajibu mpaka la tisa, kwa sauti ya gwaride, mbele ya mlango usiomuuliza kitu. Akamaliza, akageuka kunitazama amefaulu.

Hakuna aliyecheka tena. Nyamburi alitazama chini. Mimi mdomo umefungwa, ndiyo mila, na hata ungefunguliwa ningesema nini? Nilimfundisha majibu. Sikumfundisha kusikia.

Mama hakufungua. Alisema kutoka ndani, kwa upole kabisa, mpeni mtoto chakula, ametoka mbali.

Baba Jeni ndiye aliyekwenda kumbeba. Jeni akamuuliza, "Baba, nimekosa namba ngapi?"


Jumatatu, 3 Juni

Daftari nimelitia jikoni. Limeungua.


Alhamisi, 6 Juni

Shule inafungwa kesho. Nimeamua. Jeni anakwenda kukaa kwa Bibi wiki tatu, peke yake, bila mimi. Wiki tatu mtoto anaweza kuokota mengi.

Baba Jeni anaogopa malaria, anaogopa njaa, anaogopa Operesheni ya vijiji. Amesikia Bunda kwamba upande ule nao umeshapimwa, watu wote wanahamia kijiji kipya kabla ya mwezi wa nane, asiyetaka nyumba itavunjwa. Nikamwambia ndiyo maana hasa aende sasa. Huko kijijini watapangwa kwa mstari, jirani wa kulia Mkurya, wa kushoto Mjita, mbele Mzanaki, na pale bombani watasemezana nini? Kiswahili. Kama sisi hapa.

"Na si ndiyo tulichokuwa tunataka?" kauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Tulikitaka. Bado nakitaka, mwili unanisisimka nikiona wanafunzi wa makabila sita wanagombana kwa lugha moja. Kwa nini basi kila nikifikiri lile bomba namwona Mama hana wa kumsemesha?


Jumamosi, 8 Juni

Nimempeleka. Hakulia. Alikaa pembeni ya Mama kwenye mkeka, wakatazamana. Mama akamwambia kitu kidogo — umekua — Jeni akanitazama nitafsiri. Nikaondoka upesi nisije nikatafsiri.


Jumatano, 19 Juni

Mseti kapita na lori la pamba, dakika kumi tu. Jeni mzima, anakula. Mama haamki tena bila kushikwa. Bwana maendeleo kapiga alama ya chokaa kwenye nyumba ya Mama, mwisho wa Julai lazima wawe wamehama.

"Na mtoto anasema?" nikauliza.

Akatazama lori. Akasema wanasemezana, eeh, wanasemezana sana, kutwa nzima. Nilifurahi mpaka nikamlazimisha abebe samaki, ningu wawili. Lakini mbona hakunitazama?


Jumamosi, 29 Juni. Kwa Mama.

Nimefika mchana, nimepita nyuma ili nisikie kabla sijaonwa. Ujanja wa mwalimu wa zamu.

Jeni alikuwa amesimama, ana kijiti. Anaelekeza chungu. Anasema, "Sema: chungu."

Na Mama, ameegemea ukuta, miguu imevimba mbele yake, anasema, "Chungu."

"Tena."

"Tena," kasema Mama.

"Siyo tena, Bibi! Chungu."

"Chungu."

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, kisha nikakaa chini palepale penye majivu, nikalia. Jeni akaja mbio kuniambia Bibi amejua maneno arobaini na mawili, na kesho atafundishwa kuhesabu. Ameyaandika yote kwenye daftari. Maji, kuni, njoo, kaa, njaa, mvua, panya, jana, nani, wapi. Ameweka alama ya vema kwenye kila neno Bibi alilofaulu. Kwa wino mwekundu.

Nikaingia kwa Mama. Nikamwambia kwa kikwetu, mama yangu, mimi nilimleta ajifunze kwako. Akasema anajua. Akasema alijaribu. Mtoto anaelewa — ukimwambia leta kibuyu analeta, ukimwambia fukuza kuku anafukuza. Lakini ukimtaka ajibu anatazama nyuma, kama anaangalia nani anamsikia. Mdomo unafunguka, halafu unafunga.

"Yeye ana wa kumfyekesha," Mama kasema. "Mimi sina. Nikaona nimfuate aliko."

Hakusema kwa lawama. Mama yangu hajui kulaumu, na hilo ndilo linaloniumiza. Kasema kesho asubuhi. Kasema hana Jumapili nyingine.


Jumapili, 30 Juni. Uani kwa Mama.

Nyamburi alikuja kabla jua halijawaka. Aliposikia Mama atauliza kwa Kiswahili alitaka kurudi kwake. Kasema hii si mila, hii ni semina. Wanawake wakagawanyika, wengine wakasema mtoto ni mmoja tu, tufanyeje. Mama akajibu kutoka ndani, sauti ndogo, watu wote wakanyamaza kumsikia. Kasema waliotuachia jambo hili hawakutaja lugha, maana walikuwa nayo moja tu. Walisema mtoto aulizwe na ajibu.

Nyamburi alikaa chini. Hakukubali, alikaa tu.

Jeni akaja na maji. Hakuweka mikono mgongoni safari hii.

"Nani huyo?" kasema Mama. Kiswahili cha kubabaika, kila neno linaanza upya.

"Mimi, Bibi! Jeni."

"Wewe leta nini?"

"Maji. Yamemwagika kidogo kwa sababu kuna jiwe."

"Jiwe wapi?"

"Pale kwa mjomba. Nimejikwaa, angalia, kidole kinatoka damu."

"Pole," kasema Mama. Neno hilo halikuwa kwenye daftari. Sijui kalitoa wapi. "Jana wewe kula nini?"

"Kwani Bibi hukumbuki? Tulikula wote!" Na akacheka, na ndani Mama naye akacheka, na mimi nikauma kanga yangu. Waliendelea. Panya wa jana. Mvua. Kuku anayetaga kwenye kitanda. Sijawahi kusikia Kiswahili kibovu namna ile, na sijawahi kukisikiliza kwa moyo wote namna ile. Mtoto alikuwa anajibu kilichoulizwa. Basi. Ndicho kilichokuwa kinatakiwa tangu mwanzo.

Kisha kishindo cha mwili unaoburutwa, na Mama akafungua mwenyewe. Alikuwa ameketi sakafuni, ameushika mlango kwa mikono miwili. Akamvuta Jeni. Akaweka mdomo sikioni. Walikaa hivyo muda mrefu kuliko jina lolote linavyohitaji. Mimi jina la mama yangu nalijua, ni fupi. Alikuwa anamwambia kitu kingine pia, na sijui kwa lugha gani, kwa maneno arobaini na mawili au kwa yetu. Jeni alikunja uso kama anavyokunja akipewa hesabu ya kugawanya. Aliitikia kwa kichwa mara moja. Labda alielewa. Labda ni adabu tu, nimemlea vizuri, anaitikia hata asipoelewa.

Tumemlaza Mama. Anapumua kwa shida, macho wazi, ametazama mlango.

Jeni akatoka, akasimama katikati ya watu. Nyamburi akaegemea fimbo, akafungua mdomo kuuliza swali lake, halafu akasita. Akamtazama mtoto kwa muda. Nadhani aliona — hata kwa macho yale — Jeni anageuza shingo kunitafuta.

Akaniambia, sasa mlango umefunguliwa, mdomo wako nao umefunguliwa. Linaulizwa mara moja tu. Mimi nikimuuliza kwa kikwetu ataogopa, jina litapotea kwa hofu, na sitaki niende kaburini na hilo. Muulize wewe kwa lugha yenu.

Nikasema ngoja kwanza anywe uji. Hakuna aliyenikatalia. Nimekaa na daftari hili magotini, nimeshika kalamu kama mtu mwenye kazi. Ni saa tatu. Baba Jeni, aliyefika alfajiri kutoka Bunda, amesimama na Mseti kwenye kivuli cha ukuta wenye alama ya chokaa, hawasemezani. Wanawake wanaondoa mawe kwenye mtama ambao ulishaondolewa mawe. Jeni yuko hapa pembeni yangu, ana masharubu ya uji, midomo inachezacheza bila sauti. Anarudia kitu. Au anapuliza uji, wa moto.

Ni maneno matatu. Wewe ni nani. Nimeyauliza siku ya kwanza ya kila darasa, watoto mamia kwa mamia, na wote hunijibu kwa sauti, na sijawahi kuogopa jibu.

Nyamburi amekohoa. Jeni ameniambia ameshiba. Nimemmiminia kikombe kingine.